Mto Songwe haukai ulipouacha: soma hii kabla hujakodi shamba mpakani

Leo sitaongelea mbolea wala dawa. Nataka tuongelee mto.

Masika ya 2024, yale ya mafuriko hapa Kyela, kijana mmoja alinipigia simu alfajiri. "Shikamoo bwana shamba." Marahaba mwanangu, kuna nini? "Shamba limeenda." Nikadhani anamaanisha mpunga umelala kwa maji, jambo ambalo kwetu tumelizoea. Kumbe sivyo. Alikuwa amekodi ekari tano kando ya Songwe kwa miaka mitatu, kodi yote kalipa kwa mkupuo. Maji yalipopungua akakuta ekari mbili na nusu zimemeguka na kuzama mtoni. Ekari moja hivi imebaki ng'ambo, iko upande wa Malawi, na mpunga wake umesimama juu yake.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mimi ndiye niliyemsindikiza kuliona lile shamba. Nilichota udongo, nikaufinya, nikaunusa, nikamwambia, "Mwanangu, hapa hata fimbo inaota." Na kweli udongo ulikuwa mzuri. Ila sikumuuliza mtu yeyote mto ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita. Baada ya hasara ndipo nikaenda kwa mzee mmoja jirani, naye akaniambia kwa upole kuwa tangu ujana wake ameuona ule mto ukipita mbele ya nyumba yake, na ameuona pia ukipita nyuma yake.

Basi makala hii ni deni ninalolipa. Vijana wengi mnanitafuta mkitaka mashamba ya mpakani kwa sababu ardhi inanyweshwa na mto, soko liko ng'ambo, na kodi ni nafuu kuliko kwingine. Yote ni kweli. Lakini huku mto unahama, bei inahama, na vibali vinahama. Ukivijua hivyo vitatu utakula matunda yake. Usipovijua, vitakula mtaji wako.

Kwanza tuelewane: Songwe upi?

Mito yenye jina hili ni miwili, na watu wengi huichanganya. Kuna Songwe inayotiririka kuelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Hiyo siyo ninayoisema. Ninayoisema ni Songwe inayoshuka kuelekea kusini-mashariki na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Kwa karibu kilomita 200 mto huu ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Bonde lake lote lina zaidi ya kilomita za mraba 4,200, na nchi hizi mbili zinagawana karibu nusu kwa nusu.

Upande wetu bonde linagusa zaidi Wilaya ya Ileje, ambayo iko Mkoa wa Songwe, na Wilaya ya Kyela, ambayo iko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, kwa hiyo ukienda ofisini kufuatilia jambo la ardhi jua kwanza shamba lako liko mkoa gani. Upande wa Malawi kuna wilaya mbili, Chitipa huko juu na Karonga huku chini. Kumbuka majina haya manne, Ileje na Chitipa, Kyela na Karonga, maana yanakwenda mawilimawili kama mapacha.

Mto unavyoshuka

Ligawe bonde mafungu matatu kichwani mwako.

Huko juu, Ileje na Chitipa, ni milima na baridi. Mvua inatosha, udongo ni mwekundu, watu wanalima mahindi, maharage, viazi na kahawa. Kahawa ni ya arabika pande zote mbili. Ileje wanayo, na wenzao wa milima ya Misuku kule Chitipa wanayo. Miteremko ni mikali na mashamba yamepanda hadi vileleni. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unashuka.

Katikati, mto unapita kwenye makorongo. Kuna mawe, maporomoko na kasi kubwa. Hapa hakuna kilimo kikubwa cha kusema, lakini ndipo mto unapata nguvu.

Huku chini ni tambarare ya Kyela na Karonga. Tuko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna joto na unyevu, na mbele yetu kuna ziwa. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu upepo unaobeba unyevu wa ziwa unagonga milima na kuumwaga hapa hapa. Mvua zinaanza Novemba na kilele chake ni Machi na Aprili. Mbali na Songwe tuna Kiwira, Mbaka na Lufilyo, zote zinashuka kwenye tambarare hii moja. Kwa hiyo Aprili ikifika, maji yanatujia kutoka juu mbinguni na kutoka juu milimani kwa wakati mmoja.

Sasa sikia hapa, maana ndipo shamba la yule kijana lilipokwenda. Mto ukitoka mlimani unabeba matope na mchanga mwingi. Ukifika tambarare kasi inapungua, hauwezi tena kubeba mzigo wote, unautua. Ukitua mzigo, kitanda cha mto kinapanda na mto unaanza kutafuta njia nyingine kwa kujipinda. Kwenye kila kona, maji ya upande wa nje yanakwenda kasi na kuchimba ukingo. Ya upande wa ndani yanakwenda polepole na kutua mchanga. Ndiyo maana mtu wa upande mmoja anapoteza ardhi kila msimu na mwenzake wa ng'ambo anaongezewa bila jasho. Siku ya gharika, mto unaweza kukata kona nzima na kupita njia ya mkato kwa usiku mmoja. Kilichokuwa huku kinakuwa kule.

Na ule udongo mzuri niliousifia? Umeletwa na mto. Mahali ambapo udongo ni mpya, mweusi, laini, hauna jiwe wala kisiki cha mti mkubwa, ujue mto ulilala hapo juzi juzi na unaweza kurudi kitandani kwake.

Mpaka uliochorwa juu ya kitu kinachotembea

Mpaka huu una historia fupi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba wa kugawana maeneo. Hapa kwetu walikubaliana mpaka uanzie pale Songwe inapoingia ziwani, upande na mto kwenda juu. Waliokuwa wakikaa bondeni hawakuulizwa, na mto wenyewe haukusaini.

Kwa milimani hilo halina shida, maana mto umefungwa na mawe. Kwa tambarare ni balaa. Ukingo ukihama, nyumba, makaburi na mashamba yanajikuta nchi nyingine. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba ndilo lililozikalisha serikali mbili mezani kutafuta namna ya kuutuliza mto. Mazungumzo hayo yalizaa mpango wa kuendeleza bonde la Songwe, na 2017 nchi hizi zikasaini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja, ambayo makao yake yako hapa Kyela. Mpango una mabwawa. La chini ndilo kubwa, linategemewa kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme wa megawati 180 hivi na kumwagilia karibu hekta 3,000 kila upande.

Nakuomba jambo moja kuhusu bwawa hilo. Lifurahie, lakini usilipangie hesabu. Nimeshaona vijana wakinunua ardhi kwa bei ya juu kwa sababu muuzaji kasema "bwawa linakuja". Lipe shamba lako thamani kwa mto jinsi ulivyo leo.

Watu wa pande mbili ni watu wale wale

Mkulima wa biashara asiyewajua watu wa eneo lake anauza gizani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 221,490 Kyela na 124,451 Ileje, na sensa ya 2022 imeonyesha tumeongezeka. Kwa Malawi, sensa yao ya 2018 ilipata karibu watu 365,000 Karonga na karibu 235,000 Chitipa. Zingatia hapo: ng'ambo kuna midomo mingi kuliko huku, na wengi ni vijana kama nyie.

Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanasikilizana bila mkalimani. Wataalamu wa lugha huhesabu Kinyakyusa na Kingonde kama lugha moja yenye lahaja zake. Huko juu, Walambya na Wandali wako Ileje na wako Chitipa. Watu wanaoleana, wanazikana, wanakopeshana ng'ombe. Msiba ukitokea Karonga, utaona akina mama wa Kyela wamejifunga kanga wanavuka. Ukisema "ndaga" kushukuru, unaeleweka kingo zote mbili.

Kwa biashara yako hilo lina maana tatu.

Kwanza, habari za bei zinavuka haraka kuliko gari. Ukimdanganya mnunuzi mmoja wa Karonga, ukoo mzima umekujua. Ukiwa mwaminifu, ukoo huo huo unakutafutia wateja.

Pili, ardhi ya bondeni ni ya ukoo. Anayekukodisha anaweza kuwa na kaka yake ng'ambo mwenye haki sawa na yake. Mkataba wa mtu mmoja hautoshi. Kaa na wanaukoo, mwite mwenyekiti wa kijiji, mama wa familia naye asaini. Mkataba usioshuhudiwa na majirani, kwetu huku ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Tatu, mashamba ni madogo. Watoto wanagawana kilichogawanywa tayari na baba na babu. Ndiyo maana vijana wanasukumwa kwenda kulima kando kabisa ya mto, mahali wazee walipokuwa wakiachia ng'ombe na matete. Wazee hawakuwa wavivu kuliacha eneo lile. Walijua.

Pesa inapita wapi

Mazao makuu ya tambarare ni mpunga, kakao na ndizi, yakisaidiwa na michikichi, mihogo, machungwa na samaki wa ziwani. Mchele wa Kyela hauhitaji kupigiwa debe, harufu yake inajitangaza yenyewe. Ila mjue jirani naye si mgeni kwenye mchele. Karonga wanalima mpunga wa kunukia uitwao Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro. Kwa hiyo usidhani unampelekea Mmalawi kitu asichokijua. Ana ulimi wa kuchagua.

Hapa kuna kosa la kalenda ambalo wengi mnalifanya. Kwa kuwa mvua ni zile zile, sisi na Karonga tunavuna miezi ile ile, Mei na Juni. Wakati huo mpunga umejaa huku na kule, bei imelala kote. Mkulima mwenye madeni anauza palepale mashineni. Malawi ina watu wengi kwenye ardhi ndogo, na chakula kikuu ni mahindi yanayovunwa kuanzia Aprili. Kipindi kigumu kwao ni kuanzia Oktoba hadi Machi, maghala yakiwa matupu. Mwenye mpunga mkavu, uliohifadhiwa vizuri hadi Novemba, ndiye anayechagua mnunuzi. Kukausha hadi punje iwe ngumu, magunia safi, chaga chini, paka mlangoni: hiyo ndiyo biashara. Kuvuna tu si biashara.

Kakao ni habari nyingine. Kyela ndiyo kitovu cha kakao ya Tanzania, na inauzwa kupitia vyama vya ushirika kwa stakabadhi ghalani na mnada. Soko lake haliko Karonga, liko Ulaya na kwingineko. Mnakumbuka bei ilivyopaa. Kwenye soko la dunia tani moja, ambayo kwa miaka mingi ilizunguka dola 2,500, ilivuka dola 12,000 Desemba 2024 baada ya mavuno mabaya ya Ghana na Ivory Coast. Mwaka uliofuata ikaporomoka. Waliong'oa mpunga wote wapande kakao kwa bei ya Desemba ile wana maswali leo. Mkakao unachukua miaka mitatu hadi minne kuanza kukupa kitu cha maana. Bei unayoiona siku unapopanda, hutaiona siku unapovuna. Panda kwa hesabu ya bei ya chini. Ikipanda, hiyo ni sadaka.

Ndizi ndiyo inayovuka mpaka kwa wingi. Barabara ya lami inatoka Uyole, inapita Tukuyu, inafika Kasumulu, kisha inaendelea Karonga hadi Mzuzu. Kule Ileje kuna mpaka wa Isongole, nao umeunganishwa kwa lami na Mpemba, karibu na Tunduma. Kutoka ng'ambo yanakuja maharage, karanga na soya.

Siku mpaka ulipofungwa

Sasa sehemu ya kuumiza. Machi 2025 serikali ya Malawi ilizuia kuingiza bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, ikisema inalinda wazalishaji wake. Aprili mwaka huo Waziri wetu wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao yote ya kilimo kutoka Malawi, na ya Afrika Kusini pia, ambayo kwa miaka ilikuwa haipokei ndizi zetu. Mapema Mei, baada ya mazungumzo, zuio la upande wetu likaondolewa.

Wiki chache tu. Kwenye gazeti ni habari ndogo. Lakini ndizi haisubiri mazungumzo ya mawaziri. Mkungu uliokatwa Jumatatu, Ijumaa ni uji. Tangawizi inavumilia kidogo, mpunga unavumilia miezi, kakao kavu inavumilia zaidi. Ukiwa mkulima wa mpakani, zao lako lipime kwa swali hili: mpaka ukifungwa leo, nina siku ngapi kabla hasara haijaanza? Kama jibu ni nne, usiwe na mnunuzi wa upande mmoja tu. Tafuta wa Mbeya, tafuta wa Dar es Salaam, hata kama bei yake ni ndogo kidogo. Hiyo tofauti ndiyo bima yako.

Kwacha si shilingi

Jambo la pili la pesa. Malawi haina bahari na kwa miaka ya karibuni imekuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Mnunuzi wako mara nyingi ana kwacha mkononi, na anaomba umwachie mzigo kwa mkopo. Novemba 2023 benki kuu yao ilishusha thamani ya kwacha kwa mkupuo, dola moja ikatoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Fanya hesabu. Aliyelala na kwacha 1,180,000, jioni kwa bei rasmi alikuwa na dola 1,000. Alipoamka alikuwa na dola 694 hivi. Hakuibiwa, hakunywa pombe, hakuhonga. Alilala tu.

Mtaani bei ilikuwa imeshatangulia kupanda, lakini somo halibadiliki: ukipokea kwacha, ibadilishe siku hiyo hiyo au nunua bidhaa siku hiyo hiyo. Usiiweke kama akiba. Na mkopo wa ng'ambo uandikwe kwa shilingi au kwa magunia, usiandikwe kwa kwacha.

Karatasi na magonjwa

Najua kuna njia za panya, na mtumbwi wa usiku ni rahisi kuliko foleni. Sitawaficha: ukikamatwa, mzigo umekwenda na jina limekwenda. Kijana anayetaka kukua avuke mchana.

Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, Malawi bado imo. Kinachotuunganisha kibiashara ni SADC. Kwa hiyo unahitaji cheti cha uasilia cha SADC ili mzigo usitozwe ushuru kama wa mgeni; anzia TCCIA. Unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA. Na mnunuzi wako anapaswa awe na kibali cha kuingiza kutoka kwa serikali yake kabla hujapakia. Mwambie akutumie picha ya kibali kwenye simu, angalia tarehe ya mwisho. Mazao ya chakula kama mahindi yanaweza kuhitaji kibali cha kutoa nchini pia, na masharti hubadilika msimu hadi msimu, hivyo uliza kila mara, hata kama mwezi jana ulipita bila shida.

Magonjwa hayaombi pasipoti. Malawi imeteswa sana na ugonjwa wa virusi unaodumaza migomba, ule unaofanya majani yajikusanye juu kama shada. Ukipewa machipukizi na shemeji yako wa ng'ambo, mshukuru, yaache huko huko. Hali kadhalika vipande vya mihogo, kwa sababu ya michirizi ya kahawia. Kwa wafugaji, homa ya nguruwe ya Afrika imeshawahi kuingia Kyela. Haina tiba. Nguruwe wa mpakani anafungiwa bandani, na mabaki ya nyama ya nguruwe hayaingii kwenye chakula chake.

Namna ninavyopanga shamba la kando ya mto siku hizi

Hivi ndivyo ninavyofanya na kijana yeyote anayenipeleka kuona shamba la Songwe.

1. Naanza na mzee kabla ya udongo. Nauliza: mto ulikuwa wapi ulipooa? Ulikuwa wapi mtoto wako wa mwisho alipozaliwa? Wazee hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio. Nikipata majibu ya wazee watatu naweza kuchora mto ulivyotembea. Ukiwa na simu yenye intaneti, fungua picha za satelaiti za miaka ya nyuma ulinganishe.

2. Naangalia kona. Shamba likiwa ukingo wa nje, ukuta umesimama wima, mizizi inaning'inia, kuna nyufa ardhini hatua chache kutoka ukingoni, tunarudi nyumbani. Likiwa ukingo wa ndani, ni salama kidogo, lakini ujue ni mchanga na litafurika.

3. Natafuta mto mfu. Ukiona bonde jembamba lenye matete na maji yaliyotuama, limejikunja kama mwezi mchanga, hiyo ni njia ya zamani. Gharika ikija, maji yanaikumbuka.

4. Napima mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wanaiona kama adhabu. Kwa Songwe, ni sheria inayokuokolea hela yako. Hapo acha matete, mianzi au vetiva vishike udongo.

5. Napanga mazao kwa umbali. Kuanzia mita 60 hadi kama mita 300, kipimo changu mwenyewe kwa tambarare hii, weka mazao ya msimu mmoja tu: mpunga, na baada ya maji kushuka, mahindi au mboga kwa unyevu uliobaki. Mbali zaidi na palipoinuka, ndipo pa kakao, nafasi ya mita 3 kwa 3, miche kama 450 kwa ekari, migomba ikiwa kivuli. Ghala, mashine na nyumba vikae juu kabisa.

6. Nakodi msimu kwa msimu. Ardhi inayoweza kuondoka hailipiwi miaka mitatu kwa mkupuo. Mwenye ardhi akikataa, andika kwenye mkataba kwamba ardhi ikimegwa na mto kodi iliyobaki inarudishwa. Wengi wanakubali ukiwaambia kwa heshima, maana nao wanaujua mto wao.

7. Pampu ina kibali. Ukitaka kuvuta maji ya mto kwa kilimo cha biashara, nenda Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa pale Tukuyu ukaombe kibali cha kutumia maji. Huu ni mto wa mataifa mawili; usijiletee kesi ya kimataifa kwa pampu ya inchi mbili.

8. Mavuno yagawe. Sehemu kwa soko la ndani, sehemu ya ng'ambo, sehemu ghalani mpaka Novemba. Usiweke vyote upande mmoja wa mto.

Yule kijana yuko wapi

Hajaacha kilimo. Ile ekari iliyobaki Malawi, mpunga ulipokomaa, ukavunwa na familia moja ya upande ule. Hakwenda mahakamani, mpaka ukishahama, hilo si jambo la baraza la kata tena. Lakini wazee wa pande mbili walikaa, wakajuana ukoo, na wakamvusha na magunia manne kama mkono wa pole. Sheria haikuwalazimisha. Undugu ndio uliowalazimisha.

Sasa amekodi ekari mbili na nusu mbali na mto, karibu na barabara, na nyingine moja tu bondeni kwa msimu mmoja mmoja. Mapato ya ile ya bondeni anayaita "pesa ya mto": mwaka mzuri anashukuru, mwaka mbaya hafi njaa. Mnunuzi wake mkubwa wa mchele ni mmoja wa ile familia iliyovuna shamba lake. Analipwa kwa shilingi, mzigo ukiwa bado huku.

Mimi nami nimejifunza. Siku hizi nikifika shamba la mpakani sichoti udongo kwanza. Naketi na wenyeji, naomba maji ya kunywa, nauliza habari za mto. Ukija kunitafuta tukaone shamba, njoo na buti za mvua na nusu siku ya kusikiliza wazee.

Kazi njema, vijana wangu. Tukutane shambani.